Mdahalo wa ugavana wenye wananchi ukumbini: mbona maswali yao huishia hewani?

Kijana wa Takaungu

Wakuu, salaam. Asasi kadhaa za kiraia na redio za huku Kilifi zinapanga mdahalo wa wagombea ugavana kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, urushwe mubashara kwenye runinga na redio. Rasimu ya mpango ni hii: dakika 90, wagombea watano, wananchi 200 ukumbini, na nusu ya maswali yaulizwe na wananchi wenyewe.

Wadhamini wameipenda mno hiyo sehemu ya wananchi. Mimi ndiyo inayonikosesha raha. Kila nikitazama midahalo ya aina hii naona mambo yaleyale: mtu anauliza swali zuri, mgombea anamshukuru kwa jina, anamsifu, kisha anahubiri jambo jingine kabisa. Maiki imeshaondoka. Muulizaji amebaki kukodoa macho. Halafu upande mmoja wa ukumbi unalipuka kwa makofi, na aliye nyumbani anadhani swali limejibiwa.

Naomba wenye ujuzi wanieleze kasoro hasa iko wapi. Ni wananchi hawajui kuuliza, au ni mpangilio? Na kama ni mpangilio, turekebishe nini kwenye uteuzi wa watu, uchujaji wa maswali, makofi, na ile kura ya SMS ya nani ameshinda ambayo watu wa runinga wanaing'ang'ania?

Karani wa Kamati

Ni mpangilio. Mwananchi ananyimwa kitu ambacho hata mbunge wa kawaida asiye na cheo anacho: swali la nyongeza, yaani kuuliza tena baada ya kujibiwa. Bila hilo, swali lolote lile, hata liwe kali namna gani, ni mlango wa kumpa mgombea dakika mbili za kampeni.

Tazama Wamarekani walivyofika huko. Mdahalo wao wa kwanza wa urais wa mtindo huu ulifanyika Richmond, Virginia, tarehe 15 Oktoba 1992. Wagombea walikuwa Bush baba, Clinton na Perot, mwongozaji alikuwa Carole Simpson, na ukumbini wapiga kura 209 ambao hawajaamua walioteuliwa na kampuni ya Gallup. Mama mmoja akauliza deni la taifa limewagusaje wagombea wao wenyewe maishani mwao. Swali lilikuwa na kasoro: alisema deni, alikuwa na maana ya kudorora kwa uchumi. Bush akaanza na mambo ya riba, akakwama, akasema hajalielewa vizuri. Sasa angalia kilichofuata. Muulizaji akapata nafasi ya kufafanua, akataja watu waliopoteza kazi na wanaoshindwa kulipia nyumba na gari. Mwongozaji akasaidia. Clinton alipofika zamu yake akamsogelea na kumuuliza limemgusa vipi yeye. Watu wanakumbuka mwendo wa Clinton na Bush kutazama saa. Kilichozaa matunda ni kwamba muulizaji aliruhusiwa kusema mara ya pili.

Sasa soma makubaliano ya kampeni za Bush mtoto na Kerry mwaka 2004, kurasa 32. Maswali yakabidhiwe kwa mwongozaji mapema, na mtu akiuliza kitu tofauti na alichoandika, akatizwe. Ya 2012 kati ya Obama na Romney, kurasa 21, yanasema wazi kwamba mwananchi haruhusiwi swali la nyongeza na maiki yake izimwe akishamaliza kuuliza. Hata mwongozaji alitakiwa asiongeze lake. Candy Crowley, mwongozaji wa mwaka huo, alikataa kufungwa na hilo, na wapambe wa pande zote mbili walilalamika.

Kwa hiyo, Kijana, kabla ya kuhangaika na aina ya maiki, andika sharti moja: aliyeuliza abaki amesimama mpaka wagombea wamalize, kisha apewe sekunde 20 za kusema jambo moja tu, ama "nimejibiwa" au "hukujibu kipengele hiki". Wagombea watalipinga sharti hilo kuliko mengine yote.

Fundi Sauti Likoni

Mimi nichukue makofi, maana hapo ndipo kituo kinapoharibu mdahalo bila kujua.

Makofi hubadilisha hukumu ya mtazamaji. Mwaka 1984, katika mdahalo wa urais wa Marekani kule Kansas City, Rais Reagan, aliyekuwa na miaka 73, alitania kwamba hatatumia ujana na uchanga wa mpinzani wake kisiasa. Ukumbi ukaangua kicheko, hata mpinzani wake Mondale akacheka. Watafiti Fein, Goethals na Kugler walichukua mkanda huo wakaukata kwa namna tofauti na kuwaonyesha watu. Kundi moja liliona utani pamoja na kicheko, jingine halikuona utani kabisa, jingine likaona utani lakini kicheko kimeondolewa. Waliosikia utani bila kicheko ndio waliompa Reagan alama mbaya. Maneno ni yaleyale na mtu ni yuleyule. Kilichoondoka ni ukumbi tu.

Waingereza walipoanza midahalo yao ya viongozi wa vyama mwaka 2010 walijiwekea kanuni 76, na moja ilikataza makofi katikati. Kanuni ni nzuri, ila usitegemee kanuni peke yake. Fanya hivi:

Kwanza, maiki moja tu iwe wazi kwa wakati mmoja, ya anayezungumza, pamoja na ya mwongozaji. Mafundi wengi huacha zote tano zimefunguliwa kwa kuogopa kuchelewa. Matokeo yake ukumbi unaingia kwa njia tano, na makofi ya watu 30 yanasikika kama ya watu 300. Weka mtu mmoja mezani ambaye kazi yake ni hiyo tu, kufungua na kufunga, akiwa na orodha ya zamu mbele yake.

Pili, maiki mbili za kunasa sauti ya ukumbi ziweke mbele ya jukwaa zikielekea watu, lakini kwenye sauti inayokwenda hewani zishushe kama desibeli 20 chini ya sauti ya mzungumzaji. Usizizime kabisa. Redio ikiwa kimya kabisa msikilizaji hudhani mitambo imekatika, anahama stesheni.

Tatu, spika za ukumbi ziwe mbele ya maiki za wagombea, kamwe zisiwe nyuma yao, la sivyo zitapiga mluzi mgombea wa kwanza akipandisha sauti.

Nne, kamera. Mpige marufuku anayebadilisha picha kuonyesha uso wa mwananchi wakati mgombea anazungumza. Mtu mmoja akitikisa kichwa kwa sekunde tatu, mtazamaji anahesabu kuwa ukumbi mzima umekubali. Picha pana ya watu ionyeshwe wakati wa kuhama swali tu.

Ama hiyo kura ya SMS, ikataeni. Mwaka 2011 Davis, Memon na Bowers walichapisha utafiti wa mdahalo wa Uingereza wa 2010. Watu 150 waliutazama wakiwa makundi mawili, na chini ya picha kulikuwa na ule mstari unaopanda na kushuka kuonyesha hisia za wapiga kura. Mstari ulikuwa wa kughushi: kundi moja ulimbeba kiongozi mmoja, Brown, jingine ulimbeba mpinzani wake, Clegg. Kila kundi likaegemea mstari ulikoelekea walipoulizwa nani ameshinda. Na huo ulikuwa mstari tu. SMS ni mbaya zaidi, maana mpambe mwenye laini kumi anapiga kura kumi.

Kijana wa Takaungu

Ahsanteni sana. Fundi, nimekuelewa. Karani, hilo la sekunde 20 nalipenda, lakini nikipiga hesabu muda unanikimbia. Na je, mwananchi aishike maiki mwenyewe?

Fundi Sauti Likoni

Asiishike hata kidogo. Mhudumu aishike, sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, na swichi yake ifungwe isizimike kwa bahati mbaya. Wekeni vituo viwili vya kuulizia, kushoto na kulia, vimewekewa alama ya utepe sakafuni. Muulizaji anayefuata asimame pale mwenzake akiwa bado anauliza. Kumfuata mtu katikati ya viti kunakula sekunde 20 hadi 40 kila mara. Betri mpya siku hiyohiyo, na maiki moja ya waya iwe imelazwa tayari kila kituo, kwa sababu zile zisizo na waya zinaweza kugombana na za vituo vingine vitakavyokuja kurekodi. Masafa ya mawimbi ya maiki yapimwe watu wote wakiwa wamefika na mitambo yao imewashwa, si asubuhi ukumbi ukiwa mtupu.

Mkufunzi Tanga

Mkuu, suala la muda lina jibu, ila ukubali kuachana na wazo la kila mgombea kujibu kila swali. Hilo ndilo lililolemea mdahalo wenu wa urais wa Februari 2013 pale shule ya Brookhouse, Nairobi. Wagombea walikuwa wanane, mmoja wao, Paul Muite, akiwa ameingia baada ya kwenda mahakamani. Chukua mpango wa sekunde 90 kila mmoja: watu wanane ni dakika 12 kwa swali moja. Anayejibu wa nane hakumbuki tena limeulizwa nini, na mtazamaji pia.

Sasa hesabu yako. Dakika 90, toa 3 za utangulizi na kanuni, toa 5 za maneno ya mwisho (dakika moja moja), toa 5 za kupotea njiani, maana zitapotea tu. Zinabaki 77. Swali sekunde 30, watano wakijibu kwa sekunde 90, hizo ni dakika 8. Ongeza swali la nyongeza la sekunde 20 na majibu ya sekunde 45 kila mmoja, unafika dakika 12 na kitu. Maswali sita, basi.

Badala yake, kila swali liwe na wagombea wawili wa kulijibu kwa kirefu (kila mmoja ndiye mjibu mkuu), waliopatikana kwa kura iliyopigwa mapema, sekunde 90 kila mmoja. Watatu waliobaki wapate sekunde 30 kila mmoja, kupinga au kuongeza tu. Kisha muulizaji sekunde 20, na wale wawili wakuu sekunde 45 kila mmoja. Jumla ni sekunde 410, kama dakika 7. Unapata maswali 11, yote yana nyongeza. Hakikisha katika maswali 10 kila mgombea amekuwa mjibu mkuu mara nne. La 11 liwe la akiba. Saa ionekane kwa wagombea na kwa watazamaji: kijani, njano zikibaki sekunde 15, nyekundu maiki inafungwa. Mtazamaji akiiona saa, hakuna atakayesema mtu wake ameonewa.

Achana na hotuba za ufunguzi.

Tatizo jingine ambalo hakuna aliyeligusa ni maswali yenyewe. Wananchi humuuliza mgombea ugavana mambo yasiyo ya gavana: polisi, walimu wa sekondari, barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Mgombea mjanja hasemi "hilo si langu." Anaahidi. Kwa hiyo meza ya kuchuja iwe na Jedwali la Nne la Katiba yenu, linalogawa kazi za serikali ya kitaifa na za kaunti. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti, kilimo, leseni za biashara, masoko: haya yapite. Mengine yarudi kwa mwenyewe na maelezo, asiachwe kando kimyakimya.

Na kuchuja kusiwe kuandika upya. Tuseme kadi ya swali la mwananchi inasema: "Zahanati yetu haina dawa, mtatusaidiaje?" Likiulizwa hivyo, wote watano watajibu "nitaleta dawa." Mhariri akae na mwenye kadi dakika tano, amuulize: zahanati ipi, dawa zipi, tangu lini? Kisha swali liwe: "Zahanati ya kijijini kwetu hukaa wiki kadhaa bila dawa za presha. Kaunti nyingi zimekuwa zikidaiwa na KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa. Je, mwaka wa kwanza utalipa deni au utanunua kwingine, na fedha utazitoa fungu gani?" Mwenye kadi alisome, alikubali, atie saini. Akikataa maneno ya mhariri, libaki lake la asili. Nyongeza aiandae palepale: "Hukutaja fungu." Mnaweza pia kutegemeza maswali ya bajeti kwenye sheria: angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Mgombea akiahidi kuajiri wahudumu wapya, mwongozaji awe na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti mkononi.

Mtazamaji Mkaidi

Mnajitesa bure. Waondoeni wananchi ukumbini. Mdahalo wa Biden na Trump wa Juni 2024, Atlanta, haukuwa na watazamaji ukumbini, maiki zilizimwa kwa zamu, na watu waliona walichotakiwa kuona. Watu 200 hawawakilishi kaunti yoyote. Wengi watakuwa wapambe waliopandikizwa, waliobaki wamelipiwa nauli na mtu.

Karani wa Kamati

Mkaidi, kwenye uwakilishi huna mpinzani. Hata kama watu 200 wangeokotwa kwa bahati nasibu kamili, kosa la kitakwimu lingekuwa kama asilimia 7 juu au chini, na hakuna ukumbi unaojazwa kwa bahati nasibu kamili. Mdahalo wa urais wa Marekani wa St. Louis wa 2016 ulikuwa na wapiga kura wapatao 40. Kwa hiyo kituo kisitamke kamwe "wananchi wa Kilifi wamesema." Hao ni waulizaji, si sampuli.

Lakini ukiwaondoa, maswali yanabaki ya waandishi wa habari peke yao, na waandishi wa kaunti wanategemea matangazo ya serikali hiyohiyo ya kaunti. Wenyewe wanajua.

Uteuzi ufanywe hivi. Kilifi ina wadi 35. Watu watano kila wadi ni 175. Viti 20 wapewe wagombea, vinne kila mmoja, vyote nyuma na vimetawanywa, bila sare wala kofia. Vitano viwe vya dharura. Watu wajiandikishe kwenye wadi kwa kitambulisho, namba moja ya simu kwa mtu mmoja, kisha kura ipigwe hadharani, wanawake kwa wanaume na vijana kwa wazee. Chukua watano na watatu wa akiba. Siku tatu kabla, wapigiwe. Asiyepatikana mara mbili, akiba anaingia. Nauli ilipwe na waandaaji, kwa kiwango kilichotangazwa, la sivyo Ganze na Magarini hawatafika na ukumbi utajaa watu wa mjini. Na taarifa za watu zifutwe baadaye, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu.

Usimuulize mtu "umeshaamua utampigia nani?" Anajua jibu linalompa kiti. Muulize ampe kila mgombea alama kutoka sifuri hadi kumi, halafu sawazisha ukumbi kwa alama hizo. Mpambe anaweza kudanganya, lakini wapambe watano wa wadi moja wakidanganya hutoa alama zinazofanana mno, na hapo unawashika.

Upandikizaji hautaisha. CNN, pamoja na nguvu zake zote, mwaka 2007 kwenye mdahalo wa chama cha Republican ilirusha swali la jenerali mstaafu, ikabainika baadaye kuwa alikuwa kwenye kamati ya kampeni ya Hillary Clinton, wa chama pinzani. Swali lenyewe lilikuwa halali. Kilichowaaibisha ni kutosema yeye ni nani. Kwa hiyo kila muulizaji aulizwe kwa maandishi: umewahi kuwa na kazi au cheo kwenye kampeni au chama? Akisema ndiyo, aulize, lakini itajwe hewani.

Kijana wa Takaungu

Nimeziandika zote. Mawili yamebaki. Lugha: wazee wengi watataka kuuliza kwa Kigiriama. Na mgombea akisusa dakika ya mwisho?

Mkufunzi Tanga

Lugha: ruhusu. Mwongozaji msaidizi ajue Kigiriama na afupishe kwa Kiswahili ndani ya sekunde 20. Swali limeshasomwa mezani, kwa hiyo tafsiri iwe imeandikwa tayari. Usimwache atafsiri kichwani hewani. Na ile nyongeza ya sekunde 20 nayo itafsiriwe, hivyo maswali ya namna hii uyahesabie dakika 8. Yakiwa manne kati ya 11, umeongeza dakika nne, maana yake lile swali la akiba halipo tena.

Karani wa Kamati

Kususa si jambo la kufikirika. Julai 2017 Uhuru hakufika kwenye mdahalo wa urais, Raila akakaa peke yake jukwaani pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Nairobi. Julai 2022 ikawa zamu ya Raila kutofika, Ruto akabaki peke yake palepale. Ukumbi wenye wananchi huzidisha ubaya wa hali hiyo, kwa sababu mgombea aliyebaki anapata saa nzima ya kujibizana na watu wanaomheshimu, bila wa kumpinga. Andikeni mapema: wakibaki pungufu ya wagombea wawili si mdahalo, ni mahojiano ya dakika 30 na waandishi, wananchi hawaulizi, maiki za ukumbi zimefungwa. Wakibaki wawili au zaidi, kimimbari (meza ya kusimamia) cha asiyefika kibaki wazi, lakini kamera isikirudie kila mara. Ikionyeshwa mwanzoni inatosha.

Makubaliano yasainiwe siku 21 kabla, yachapishwe siku hiyohiyo yote, kila kipengele. Mwakilishi wa mgombea akitaka sharti la nyongeza liondolewe, mwombe aandike ombi hilo kwa barua yenye jina la mgombea wake, nanyi mtaichapisha pamoja na makubaliano.

Fundi Sauti Likoni

Kijana, hivyo vimimbari viwe vya kimo kimoja, na kila mgombea afanyiwe majaribio ya sauti ya dakika tano kabla watu hawajaingia, kwa mpangilio wa kura ileile ya zamu. Asiyefika kujaribu sauti, maiki yake iwekwe kwa kipimo cha wastani na asilalamike baadaye. Hilo nalo liingie kwenye makubaliano.